Mazungumzo ya Nyumbani: Mtoto Aliyetambaa Akafika Athens



Mwezi huu twaanza mazungumzo yetu kwa kuungama kosa. Miaka kadhaa iliyopita tulipita katika kijiji kimoja cha Ufipa, upande wa kuteremkia bondeni, tukiandika majina ya watoto wa mafundisho. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na upepo wa baridi ulivuma tangu alfajiri kama tuujuavyo sote. Tukafika kwa jamaa mmoja, watu wema, hodari wa kulima, wasiokosa kanisani Jumapili. Mama akatutandikia mkeka uani penye jua, na watoto wake wanne wakakaa mbele yetu.

Tukawauliza maswali, wakajibu vizuri. Tulipofika swali la tatu wote wanne wakanyamaza. Ndipo jibu likatoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya mtoto wa kike, jibu kamili bila kukosa neno. Alikuwa amejifunza kwa kuwasikiliza wenziwe wakikariri jioni motoni. Tukamtazama mama, mama akatazama chini. Baba akasema, "Mwalimu, utuandikie hao wanne." Tukaandika wanne.

Hatukuuliza neno. Tulikuwa tumekwisha kusikia njiani ya kwamba katika nyumba ile yumo mtoto asiyeweza kusimama, na ya kwamba majirani husema maneno juu ya ukoo ule. Tukaona haya kumwaibisha mwenyeji wetu. Tukala ugali wake, tukamshukuru, tukaenda zetu. Mwaka wa pili tulirudi na nia ya kuuliza, tukakuta mlango umefungwa na majani yameota uani. Walikuwa wamehama kwenda bonde la Rukwa, wala hatujaonana nao tena. Daftari letu lasema wanne hata leo, nasi twajua walikuwa watano.

Kwa sababu hiyo, tulipoipata habari ya Bibi Anne Wafula Strike, hatukuweza kuisoma kama habari ya michezo tu. Tumeona vema kuwasimulia, maana yeye naye alikuwa mtoto wa kutambaa, na katika kijiji chake majirani nao walisema maneno.

Bibi Anne alizaliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Mihuu, upande wa Bungoma, magharibi ya Kenya. Alizaliwa mzima, akasimama na kutembea kama watoto wote. Alipokuwa na umri wa miaka miwili na nusu akashikwa na polio, na miguu yake ikapooza. Tangu siku hizo akawa mtu wa kutambaa chini. Majirani walipomwona wakaogopa. Wakasema nyumba ile imelaaniwa, au imerogwa, na kwamba ikikaa hapo italeta balaa kwa kijiji kizima. Mambo yakazidi hata jamaa wale hawakuweza kukaa tena kwao.

Hapo ndipo penye njia panda ya habari hii, wasomaji wetu. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Kenya. Angeweza kumficha mtoto yule ndani, ili watu wanyamaze na nyumba isalimike. Wengi wamefanya hivyo, wala hatuwezi kusema kwamba hawakuwapenda watoto wao. Hofu ya majirani ni mzigo mzito. Lakini baba yule alichagua kuhama na mtoto wake kuliko kukaa na kumficha. Kisha akampeleka shule. Anne akasoma katika shule za bweni za watoto wenye ulemavu, akapanda darasa baada ya darasa, hata akaingia Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, akatoka na shahada ya ualimu. Akafundisha.

Walimu wenzetu, angalieni jambo hili: kabla hajawa mkimbiaji alikuwa mwalimu. Kama asingalijua kusoma, habari ya mbio isingalimfikia hata kidogo. Aliolewa na Norman Strike, Mwingereza, na mwaka 2000 wakahamia Uingereza, wakakaa katika mji wa Harlow. Akajaliwa mtoto wa kiume. Huko ndiko alikoanza mbio za viti vya magurudumu, naye amekwisha kupita umri wa miaka 30, wakati ambao wakimbiaji wengi huanza kufikiri habari ya kupumzika.

Labda wengine mtauliza, "Mtu hukimbiaje naye ameketi?" Tutajaribu kueleza. Kiti cha mbio si kama kile mkionacho hospitalini. Kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyoinama hata yakakaribiana juu na kutengana chini, ili kiti kisipinduke kwenye kona, na moja dogo limetangulizwa mbele sana. Hakina mnyororo wala pedeli, na ni chepesi kuliko baiskeli zetu za kubebea mahindi. Mkimbiaji hukunja miguu yake chini yake, akainama mbele, akayasukuma magurudumu kwa kupiga pete zilizofungwa ubavuni mwake. Mikono huvikwa glovu ngumu, maana pasipo glovu ngozi ingechubuka yote. Nguvu yote hutoka mabegani, kifuani na mikononi.

Mwendo wake, je? Katika mwaka 2021, huko Oita, Japani, Marcel Hug wa Uswisi alimaliza marathoni, yaani kilometa 42 na zaidi, kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyeushangaza ulimwengu kwa miguu yake huko Chicago mwaka 2023, alitumia saa 2 na sekunde 35. Basi mtu wa kiti alimpita mtu wa miguu kwa dakika 42 na zaidi. Tukisema "yule hawezi kwenda," tujiulize kwanza kama tumempa kitu cha kuendea.

Mbio hizi zina historia yake. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, aliwatunza askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zamani hizo watu wa namna ile waliwekwa kitandani kungoja kufa. Yeye akawaamsha na kuwapa michezo kuwa dawa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwashindanisha wagonjwa 16 katika kupiga mishale. Mwaka 1960 michezo hiyo ikafanyika Roma, wakahudhuria watu 400 wa nchi 23. Na mwaka 1964, huko Tokyo, mbio za viti zikaingizwa. Mwaka 1975 kijana mmoja Mmarekani, Bob Hall, aliomba kuingia na kiti chake katika marathoni ya Boston. Msimamizi akamwambia kwamba akimaliza chini ya saa 3 atapata hati kama wengine. Akamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Ndivyo milango ilivyofunguka: kila mara yuko mtu aliyeomba, na mwingine aliyekubali kumwandika.

Sasa turudi kwa Bibi Anne. Mwaka 2004 Michezo ya Paralimpiki ilifanyika Athens, nchi ya Ugiriki, naye akaenda akiwa amevaa rangi za Kenya. Alikuwa mtu wa kwanza wa Afrika Mashariki kushindana mbio za viti vya magurudumu katika michezo hiyo. Kenya ni nchi iliyojaa wakimbiaji, na majina yao hujulikana dunia nzima. Lakini mpaka mwaka ule hapakuwa na mmoja aliyekwenda kukimbia kwa mikono.

Hakurudi na nishani. Twalisema wazi, kwa kuwa hatupendi kuwapa wasomaji wetu hadithi iliyotiwa sukari. Katika michezo ile ile alikuwako msichana wa miaka 15, Tatyana McFadden, aliyeshindana kwa ajili ya Marekani. Huyu alizaliwa Urusi na ugonjwa wa mgongo wazi, akalelewa katika nyumba ya yatima isiyokuwa na kiti cha magurudumu hata kimoja, akajizoeza kutembea kwa mikono mpaka alipokuwa na umri wa miaka 6. Ndipo akachukuliwa na mama Mmarekani aliyemfanya mwanawe. Athens alipata nishani mbili, ya fedha na ya shaba. Na katika mwaka mmoja, 2013, alishinda marathoni nne kubwa: Boston, London, Chicago na New York. Yeye alipata kiti cha mbio akali mtoto, na Anne akakipata naye ni mama wa mtoto. Miaka ile iliyo katikati haiwezi kurudishwa kwa bidii peke yake.

Mwaka 2006 Bibi Anne akawa raia wa Uingereza, akaingia katika timu ya nchi hiyo. Wakimbiaji wa viti hupangwa kwa madaraja, kutoka T51 mpaka T54, kwa kadiri ya nguvu iliyobaki mwilini: wa T53 wana mikono yenye nguvu lakini hawawezi kutumia misuli ya tumbo na kiuno, wa T54 huweza kuitumia, kidogo au sana. Yeye alianza katika T53, na baadaye wapimaji wakamhamishia T54, akashindana na wenye nguvu kumzidi. Hata hivyo aliendelea. Mwaka 2010 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 2014 alipewa heshima ya MBE kwa kazi yake ya michezo ya walemavu na ya kuwasaidia watu. Akaketi pia katika baraza la chama cha riadha cha Uingereza.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, ingalikwisha hapo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2016 alikuwa akisafiri kwa gari la moshi katika nchi ile ile iliyompa heshima. Choo cha watu wa viti kilikuwa kimeharibika, na safari ilikuwa ndefu. Mama huyu mzima, mwalimu, mwenye nishani ya kifalme, akajikojolea kitini pake mbele ya watu. Angeweza kunyamaza na kuificha aibu ile. Yeye akaitangaza magazetini katika Januari 2017, akisema kwa maana hii, kwamba aibu si yake, bali ni ya wale wanaosahau kuwa watu kama yeye nao husafiri. Sisi twaona kwamba siku ile alikuwa na ushujaa kuliko siku ya Athens.

Basi habari hizi zatuhusu nini sisi wa Ufipa?

Kwanza, mji wetu wenyewe unatufundisha. Wazee hutuambia kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Jina hilo twalitaja kila siku tunapokwenda sokoni, na bado katika nyumba zetu, mtoto akipooza, huulizwa kwanza, "Nani amefanya?" Hata wanafunzi wa Bwana wetu, walipomwona kipofu yule wa tangu kuzaliwa, waliuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, nao wakajibiwa kwamba si yake wala si ya wazazi wake. Ikiwa tumekwisha kujibiwa, mbona twauliza tena?

Sababu ya kuuliza yajulikana, nasi tutaieleza ili kila baba aweze kumjibu jirani yake. Polio huletwa na kirusi kinachoingia kinywani kwa maji au chakula kilichochafuliwa na choo. Kikiingia kijijini huwapata wengi, lakini walio wengi hawaonyeshi dalili yo yote. Katika watu 200 walioambukizwa, yapata mmoja tu hupooza. Ugonjwa hupita katika nyumba zote kimya kimya, ukaacha alama yake katika nyumba moja. Jirani huona nyumba ile moja, asione ya kwamba na mwanawe aliambukizwa akasalimika. Ndipo huanza kumtafuta mchawi, na kumbe wa kutafutwa ni choo kibovu na kisima kisichofunikwa.

Wala msidhani haya ni mambo ya zamani. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika Tanzania aliandikwa mwaka 1996, na Agosti 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa imesafika na aina hiyo. Lakini Mei 2023 polio ilithibitishwa kwa mtoto mmoja wa mkoa wetu wa Rukwa, hapa hapa wilaya ya Sumbawanga. Ilikuwa ile aina iliyotokana na kirusi kilichofifishwa cha chanjo yenyewe, ambacho hubadilika na kupata nguvu tena kinapozunguka muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Wengine husikia hivyo wakasema, "Basi tuache chanjo." Hao wamegeuza neno. Kirusi kile hupata njia kwa mtoto asiyechanjwa. Wakichanjwa wote, hakina pa kupita. Septemba 2023 watoto wa chini ya miaka 8 walipewa matone katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Wauguzi walipita nyumba kwa nyumba. Twauliza kwa upole: walipofika kwako, uliwatoa watoto wote, au uliwatoa wanne?

Ninyi wazazi, mtoto asiyetembea msimfiche. Kabla hujafa hujaumbika, wahenga walisema. Mtoleeni nje aote jua na wenziwe, mpeni kazi anayoiweza, kama kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe na kutunza mdogo wake, ili ajue kuwa yumo katika hesabu ya nyumba. Ikiwa kiti cha magurudumu hakijapatikana, yuko seremala na yuko fundi baiskeli. Watu wanaojua kuunda mkokoteni wa maksai hawashindwi kuunda kigari cha mtoto. Nao ndugu zake wafundishwe kwamba kumsukuma mwenzao kwenda shule si adhabu.

Ninyi walimu, sheria ya nchi ya mwaka 2010 juu ya watu wenye ulemavu yampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wengine. Lakini sheria haiwezi kuweka jiwe mlangoni. Hiyo ni kazi yetu. Mteremko wa mawe na udongo uliopondwa badala ya ngazi, dawati karibu na mlango, na choo kimoja chenye mlango mpana na mti wa kushikia: haya hufanywa na wazee wa shule kwa siku mbili au tatu, mvua zikiwa hazijaanza. Msidharau habari ya choo. Mmeona ilivyomfikia mama mwenye nishani. Mtoto wa darasa la kwanza akiaibika mara moja mbele ya wenziwe, huenda asirudi tena.

Wala hatusemi kwamba kila mtoto atambaaye atafika Athens. Katika maelfu, mmoja atafika. Tukiwapenda kwa kutumaini nishani, tutawaacha tena nishani isipokuja. Baba wa Anne hakujua habari ya mbio za viti siku ile alipohama na mwanawe mgongoni mwa balaa. Alijua tu kwamba ni mwanawe. Mengine yote, chuo kikuu, ualimu, Athens, yalifuata nyuma ya neno hilo moja, kwa miaka thelathini na zaidi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutapita tena vijijini na daftari letu. Tumejiwekea desturi mpya: baada ya kuandika majina tutauliza, "Je, hawa ndio wote?" Tafadhalini msituonee haya, nasi hatutawaonea haya.

Na kama karatasi hii itafika bondeni, mikononi mwa baba yule aliyetuambia tuandike wanne, twamwomba radhi. Ndugu yetu, kosa lilikuwa letu pia, maana kalamu ilikuwa mkononi mwetu. Chini ya majina yale manne tumeacha mstari mmoja mtupu. Tuletee jina lake.